Tulivyozeesha Mikoba ya Mabibi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya ngozi, Mji Mkongwe, nilikabidhiwa uzi wa katani na donge la nta, nikaambiwa niupitishe uzi kwenye nta mpaka adhana ya adhuhuri. Nilikuwa nimetoka Mangapwani alfajiri, nimevaa kanzu ya marehemu baba, nikidhani nitafundishwa kushona viatu. Fundi Mkuu, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alipita nyuma yangu mara tatu kimya. Mara ya nne akasema, "Uzi usio na nta huoza kabla ya ngozi. Vuta." Nikavuta. Wiki nzima sikushika kitu kingine.

Katika kazi ile tulipanda daraja kwa daraja, na hakuna aliyeruka. Kutoka kwenye nta nilipelekwa benchi la viatu, nikajifunza kutoboa ngozi kwa msharasi, ile sindano nene yenye mpini wa mti, bila ya kujitoboa kiganja. Kisha nikahamishiwa kwa Msimamizi wa Mikanda, mkali kama pilipili kichaa, aliyenifundisha kupachika bizimu, yaani chuma cha kufungia, ilale sawa isitikisike. Mwaka wa nne niliitwa ghorofani kwa Fundi Mkuu mwenyewe, kwenye mikoba ya mabibi. Huko ndiko nilikoipenda kazi, na huko ndiko nilikofanya jambo linalonifanya niandike haya.

Siku za mwanzo huko juu alikuja bibi wa Kizungu, mke wa ofisa wa serikali, na mkoba wa Ulaya wa ngozi ya ndama. Pembe zilikuwa zimechubuka, kishikio kimekuwa cheusi kwa jasho la mkono, na mshono mmoja umeachia. Mimi niliuona mkoba wa kutupwa. Yeye aliuweka mezani taratibu kama anayelaza mtoto, akasema tushone mshono ule tu, kwengine kote tusiguse. Alipoondoka nilicheka. Fundi Mkuu hakucheka.

"Kipya anaweza kukinunua yeyote aliyeamka na pesa," akaniambia. "Lakini kitu cha thamani kilichochakaa kinasema kwamba mwenyewe anacho tangu zamani, na hana haja ya kukuonesha. Hicho ndicho wanachokitaka wakubwa. Kama unataka kula kwa kazi hii, kifahamu."

Nilikifahamu, na haikuchukua muda nikakipenda. Mkoba mpya ni mgumu na unanuka duka. Uliobebwa miaka kumi umelegea, ngozi imepata rangi ya halua iliyoiva, na ukiushika unajua kuwa mkono wa mtu umepita hapo. Wanawake wa nyumba kubwa za mjini walilijua hilo vilevile. Bibi aliyetokea kwenye shughuli na mkoba unaong'aa alikaribishwa kwa heshima zote, kisha nyuma yake wenziwe wakafinyana: maskini akipata, matako hulia mbwata. Basi waliopata juzi wakaogopa isije ikajulikana kuwa mali yao ni ya juzi, na woga wao ukawa riziki yetu.

Kazi hiyo ya kuuzeesha mkoba mpya tuliiita kuzoesha, na haikutajwa nje ya mlango. Mkoba mpya tuliupaka mafuta ya nazi kidogo sana, tukauanika juani juu ya paa, tukaujaza mchele ulegee tumbo. Pembe tulizisugua kwa jiwe la kusugulia miguu, polepole, siku nyingi, kwani pembe iliyosuguliwa kwa pupa hujulikana. Bizimu tuliiondoa mng'aro kwa ndimu na chumvi. Bitana, kile kitambaa cha ndani, tuliipaka chai iliyochujwa, kisha tukaifukiza udi, ili mkoba ukifunguliwa utoe harufu ya kabati la mabibi wa kale. Kwa mwezi mmoja niliweza kuupa mkoba miaka kumi na mitano. Nilijiona bingwa.

Kulikuwa na sharti moja. Kabla ya kushika jiwe, Fundi Mkuu alimuuliza mwenye mkoba, "Unaubeba vipi?" Bibi wa Kizungu huushika mkononi na kuuweka chini pembeni mwa kiti, basi kinacholika ni kishikio na pembe za chini. Mwanamke wa buibui huubana kwapani, ndani ya buibui lake, basi hulika ubavu, na weusi wa nguo huingia kwenye ngozi. Alikuwa akisema kwamba fundi asiyeuliza swali hilo anamtengenezea mtu ushahidi wa uongo.

Fundi Mkuu alikuwa amevuka kwenda Pemba kwenye msiba alipokuja Bi Rukia, mwalimu kijana wa skuli ya wasichana, pamoja na mama yake. Mama alikuwa yaya katika nyumba ya Wazungu. Bi Rukia alikuwa ameposwa na kijana wa ukoo mkubwa. Mjomba wake, baharia wa meli, alikuwa amemletea mkoba mpya kutoka Ulaya, kisha akaondoka tena na meli yake. Baada ya wiki chache kungekuwa na maulidi ya wanawake nyumbani kwa shangazi wa mchumba, na huko ndiko angetazamwa.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mtoto huyu anataka mkoba wake usipige kelele. Wale wanatutazama."

Bi Rukia akaongeza, akiwa ameinamisha uso, "Sitaki waseme nimejitutumua kwa ajili yao. Nataka uonekane kitu cha kawaida kwangu."

Nilitaka kuuliza swali letu. Lakini kumuuliza msichana wa watu, mbele ya mama yake, kwamba ndani ya buibui anabana vipi, ulimi ulikuwa mzito. Niliona haya. Nikasema, "Uacheni tu, mama. Nnaijua kazi yangu." Nikauzoesha kwa namna niliyoizoea mimi, ile ya mabibi wa Kizungu, kwani mikoba yao ndiyo iliyopita mikononi mwangu zaidi. Kishikio kikawa cheusi, pembe za chini zikachubuka, ubavu ukabaki safi kabisa. Sijapata kutoa kazi nzuri kama ile.

Siku ya pili baada ya maulidi Bi Rukia alirudi peke yake, macho mekundu. Shangazi alikuwa ameupokea mkoba ili auweke kwenye daka, lile shubaka la ukutani. Akaugeuza, akakitazama kishikio, akautazama ubavu, akasema mbele ya wanawake wote, "Mkoba huu umezeekea mkononi mwa Mzungu." Hapakuwa na haja ya kuongeza neno. Kila mtu pale alijua mama yake anafanya kazi wapi. Wenye huruma walisema amepewa makombo, wengine wakasema hakupewa.

"Nimewambia kweli," akaniambia. "Nimewambia ulikuwa mpya, nimeuleta kwako uchakazwe. Wamenicheka. Ami yake mchumba atakuja kukuuliza. Fundi, aibu ya kujizeeshea mkoba ntaibeba mie. Ya mama kuitwa mwizi siiwezi. Sema tu ulivyouona."

Nikamwahidi.

Fundi Mkuu alirudi jioni ile. Nilipomweleza, kwanza aliuliza kama nilimuuliza msichana swali letu. Nikasema sikuuliza. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Ukisema wa huyu, umesema wa wote," akasema. "Huyo shangazi mwenyewe, mkoba wake nimeuzoesha mie kwa mikono hii. Mji mzima utaanza kugeuzana mikoba. Tutafunga mlango, na wote walioko chini hapo watarudi kwao. Akija, weye hujui kitu."

Ami alikuja asubuhi, mzee mpole, akauweka mbele yangu mkoba, ambao shangazi alikuwa ameuzuia. Fundi Mkuu alikuwa ameinamia kazi yake, lakini mkono wake ulikuwa umesimama.

"Mwanangu, mkoba huu unaujua?"

"Siujui, ami. Ndiyo kwanza nnauona."

"Haukupita hapa?"

"Haukupita."

Alinishukuru. Nadhani alikuwa akitamani nimjibu vingine, kwani alikaa kidogo kabla ya kuuchukua.

Posa ilivunjwa wiki ile ile. Maneno yakafika kwenye nyumba ya Wazungu, na ingawa hakuna kitu kilichopotea huko, mama aliambiwa apumzike, na hakuitwa tena. Bi Rukia aliomba uhamisho, akapelekwa skuli ya Jambiani, akenda na mama yake. Mimi nilifanywa msaidizi wa Fundi Mkuu, na alipofariki nikakaa kwenye kiti chake. Nilijua fika kiti kile nimekipata kwa sababu gani. Kwa kila mkoba niliouzoesha baada ya hapo niliuliza swali letu, kwa sauti, mbele ya mama, mume na mahakimu kama wangekuwepo, na haikunisaidia kitu.

Baadaye karakana ilifungwa, nikachukuliwa na karakana ya serikali kushona mikanda ya askari na mifuko ya barua, kazi ambayo hakuna anayeitaka izeeshwe, mpaka nikastaafu. Siku hizi wajukuu wananiambia kuwa mikoba ya fahari iliyochakaa inatafutwa tena, na watu wanaibeba iliyochubuka wakaacha mipya. Sishangai hata kidogo. Uzuri wake ninaujua kuliko wao. Ninachowaombeni nyinyi mnaojifunza ngozi ni kwamba zeesheni mtakacho, lakini siku mwenye mali akiwaombeni mseme mlichokifanya, msimtupe. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu mimi hakungoja uzee, alizaliwa siku ile ile na nimemlea miaka yote.

Nilipostaafu nilikwenda Jambiani. Bi Rukia alikuwa amestaafu naye, mwalimu mkuu, kichwa chote mvi. Alinitambua kabla sijajitaja. Akanipa kiti, akanipa chai.

"Bi Rukia," nikasema, "nimekuja kusema kweli. Ntakwenda kwa watu wa ukoo ule, ntawambia mkoba ulikuwa mpya na mie ndiye niliyeuchakaza."

"Utamwambia nani? Shangazi kafa. Ami kafa. Mama nimemzika hapa. Mpaka mwisho wake, akiingia nyumba ya mtu akikaa mlangoni, mikono juu ya magoti, kila mtu aione."

Nikakiweka kikombe chini. "Basi angalau weye uisikie kwangu."

"Mie?" Hakupandisha sauti. "Kweli nilikuwa nayo mwenyewe siku zote, fundi. Kwako nilikuja kutafuta shahidi."