Kijumba cha Miezi Sita

Nyinyi vijana mtakaosoma haya anayoniandikia mjukuu wangu, msidhani nilizaliwa na uchungu. Nimeupata uzeeni, katika kijumba cha chumba kimoja.

Mvua za masika zilipomegua kilima chetu huku Mtambile, nyumba ilikwenda na udongo, mikarafuu ikafuata. Tukalala darasani wiki tatu, kisha tukajengewa vijumba vya mbao na bati, safu mbili, milango inatazamana. Ukitoka kwenda chooni, safu nzima inakuona. Nikapewa kimoja, mimi na binti yangu na wanawe wawili wa kike. Miezi sita tu, wakasema watu wa serikali, kisha mtapata viwanja mjenge nyumba zenu. Ila tusipande mti wa kudumu. Sababu kila Mpemba anaijua: ardhi ya serikali, mti wa aliyeupanda. Ukiwa na mnazi mahali, huondoshwi hivi hivi.

Mimi nikatii. Binti yangu alileta miche miwili ya minazi kutoka Vitongoji, nikaitupa juani ikakauka.

"Mama, mbona kila mtu anapanda?"

"Kila mtu si mimi. Mgeni hapandi mnazi kwa watu."

Jirani wa mlango wa pili, mwanamke mwenye mdomo, alipanda minne nyuma ya choo. Akinikuta nafagia, hunambia, "Bi mkubwa, nyumba yako wewe iko peponi, kwa utiifu huo!"

"Na yako iko mahakamani," namjibu.

Miezi sita ikawa miaka sita. Mjukuu wangu mkubwa kavunja ungo nyuma ya pazia la kanga. Watu wa posa walipokuja, wazee wazima, tuliwakalisha juu ya ndoo, nje. Walikunywa chai wakaaga. Hawajarudi.

Mwaka huu wakaja watu wa ardhi pamoja na sheha, mkubwa wetu wa mtaa. Pale panatakiwa kupita barabara. Kwa jirani waliihesabu minazi, ishaanza kuzaa, wakamwandikia kiwanja. Kisha wakaja kwangu.

"Bi mkubwa, una nini hapa?"

"Nina watu watatu na roho yangu."

"Nauliza miti."

"Si mlitukataza?"

Kijana wao mmoja, mwenye karatasi, akamtazama sheha. Sheha akatazama chini. "Bibi," akasema kijana, taratibu kabisa, "lile lilikuwa neno tu."

Neno tu! Mimi sikusoma, nikisikia neno la mkubwa nalishika. Waliosoma wanajua lipi la kushika na lipi la kuacha, na hawakunambia.

Sikupata kiwanja. Nikapewa kijumba kingine, mbele zaidi, kwa muda. Jirani alinisaidia kubeba godoro, akarudi kunichukulia na ndoo. Bora angenicheka.

Tulipofika, binti yangu akaanza kufungua mizigo. Nikamzuia.

"Acha hizo. Nenda katafute miche, na nyie wasichana shikeni jembe. Hapikwi chai hapa mpaka minazi minne iwe ndani ya ardhi. Na akija mtu kukataza, mwacheni aseme, nyie fukieni."