Udongo Juu ya Bati

Nyumba niliyoolewa huku Endagikot ilikuwa tembe, paa lake la udongo uliotandazwa juu ya miti. Kazi ilikuwa imegawanyika zamani, hakuna aliyeuliza. Ukuta ulikuwa wa mwanamke: unachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, unapaka, unalainisha kwa kiganja. Paa lilikuwa la mwanamume. Likivuja, mume wangu alipanda na karai la udongo mbichi, akaumwaga penye tundu na kuushindilia kwa miguu. Sisi tuliokuwa ndani tulisikia hatua zake juu ya vichwa vyetu, kama ng'ombe anayetafuta pa kulala. Nilizipenda zile hatua. Nilijua mwenye nyumba yupo.

Mimi sikusoma sana, lakini majina hayanipotei. Nayajua ya majirani wote wa wakati ule, hata ya ng'ombe tuliowauza tukajenga nyumba ya bati. Nayaacha yakae kichwani, ndiko yalikozoea.

Bati tulilinunua maduka ya Mbulu yalipoanza kujaa vitu, baada ya ile miaka ya kukosa hata sabuni. Mume wangu aliligongelea mwenyewe. Siku ya mvua ya kwanza tulikaa ndani tukacheka, maana kelele zilikuwa nyingi hata hatukusikilizana. Akanipigia kelele, "Mama watoto, hii ndiyo ngoma yetu!"

Baadaye likaanza kuvuja penye misumari. Naye akafanya alichofanya maisha yake yote: akapanda na karai la udongo na mavi ya ng'ombe, akaziba. Nilimkorogea mimi. Kwa muda likatulia. Likivuja tena, anaongeza udongo.

Miaka ile ndiyo tulianza kuambiwa kwamba sisi si watu wa Arusha tena, tuna mkoa wetu, Manyara. Majengo ya ofisi yakawa yanainuka Babati. Binti yetu wa mwisho alikuwa amemaliza shule, akaja na neno lake: anataka chuo cha ufundi, asomee matengenezo ya majengo.

Baba yake akauliza, "Kujenga?"

"Hapana, baba. Wengine wanajenga wanaondoka. Sisi tunabaki na jengo. Bomba likivuja, kitasa kikigoma, rangi ikibanduka, paa likichoka, sisi ndio tunaitwa."

"Kwa hiyo jengo linachungwa kama ng'ombe."

"Ndiyo, baba. Na lenyewe halilii likiumwa, mpaka ulikague."

Alicheka, akamruhusu. Mwaka wa kwanza ukapita vizuri. Kisha shemeji yangu, mdogo wa mume wangu anayefuga kule Getanuwas, akapita Mbulu siku ya mnada. Akaja kwetu moja kwa moja, hata chai hakungoja ipoe.

"Kaka, nimemwona binti yako. Yuko juu ya paa la watu, kavaa suruali, kashika nyundo! Watu wako chini wanatazama. Huyo ataolewa na nani, na mabati?"

"Shemeji, kunywa chai," nikamwambia.

"Nakunywa, shemeji, lakini nimeona."

Binti alipokuja likizo, baba yake akaitikia shikamoo yake vizuri, akamwacha ale. Halafu akasema, "Uliyojifunza yanatosha. Mtoto wangu wa kike hapandi juu ya nyumba ya mtu. Chuo kikifunguliwa, hutarudi."

Mtoto aliinama. Hakubisha; kwetu baba habishiwi. Lakini nilimwona anavyoikunja ile suruali yake ya kazi, taratibu, kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

Juma lile mvua zilikuwa nzito. Maji yaliteremka ndani mpaka ukuta wangu wa chumbani ukabanduka. Asubuhi binti akakoroga udongo, tukapaka pamoja. Alikuwa anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. "Hapa pamejitenga, mama. Sikia, pana sauti ya mtungi mtupu." Tukabandua, tukapaka upya. Usiku mvua ikaubandua tena. Asubuhi tukapaka tena. Juu hakutazama, wala hakulisema paa hata mara moja.

Siku ya tatu baba yake akasimama mlangoni, akitutazama tumechafuka mpaka viwiko. Akaondoka. Aliporudi alikuwa amebeba ngazi begani.

"Huko chuoni," akasema, "mkipanda, nani anashika ngazi?"

"Mwenzangu, baba. Ni sheria. Hupandi mpaka awepo mtu chini unayemwamini."

Akaiegemeza ngazi, akaikanyaga kwa mguu, akaishika kwa mikono miwili. "Basi panda."

Akapanda. Mimi nilibaki ndani kwanza, na nikasikia hatua juu ya kichwa changu. Nyepesi, za kupapasa, lakini zilikuwa hatua. Nikatoka nje.

Alikuwa anakwangua. Udongo mkavu wa baba yake ulikuwa unadondoka mabonge mabonge, na chini yake bati lilikuwa jekundu kwa kutu, limetoboka. Maana udongo unashika maji, na bati halipendi kukaa na maji. Sisi tungejuaje? Paa tulilolijua lilikuwa linalishwa udongo ndipo lipone.

"Umeona nini huko?" baba yake akauliza kutoka chini.

Nikaona anatafuta neno.

"Ni jua, baba. Jua na mvua vimelila."

Mume wangu akatazama mabonge yaliyomdondokea miguuni. Akalisukuma moja kwa kidole gumba cha mguu.

"Mwanangu," akasema, "tangu lini jua likanya kama ng'ombe?"

Mtoto akaanza kucheka huko juu, mpaka ngazi ikatikisika. Baba yake akawa anafoka, "Acha kucheka, utaanguka!" na yeye mwenyewe anacheka. Mimi niliketi chini kabisa kwa kicheko.

Binti alichomeka kipande cha bati jipya chini ya lile la juu, akagonga misumari yenye mpira shingoni, akaziba kwa lami. Shemeji yangu wa Getanuwas alitukuta katikati ya kazi hiyo. Akafungua mdomo.

"Usiniongeleshe," mume wangu akamwambia. "Huoni nimeshika ngazi?"

Binti alishuka jioni inaingia. Alikwisha kukanyaga ardhi kwa miguu yote miwili, na baba yake bado ameishika ngazi.

"Chuo kinafunguliwa lini?"

"Jumatatu, baba."

"Hao wenzako wa huko," akasema, "kabla hujapanda, watazame kwanza mikono."