Vijiti Vyangu Kwenye Mafunjo ya Gatete

Mafunjo yamepona, alhamdulillahi, halikukatwa hata moja, ndiyo maana leo naweza kusimulia. Kazi yangu pale ofisi ya komine, serikali yetu ya mtaa, ni kuzuia watu wasijenge kwenye mafunjo ya ziwani, samaki wanapotagia. Juzi huko Gatete nikayazungushia vijiti na kamba, watu wajue mwisho wa kujenga, kisha nikaenda kula, najiona fundi.

Kurudi, nakuta umati, na mama mmoja kashashusha mawe ya msingi. Mjinga mimi, mzaliwa wa hapahapa! Kwetu vijiti na kamba maana yake viwanja vinauzwa.

Kabla sijafungua mdomo, shefu wangu wa kazini akatokea. "Nani anauza mafunjo?"

Yule mama akanishika mkono.

"Iko huyu, shefu. Tunamungojea tu aseme bei."