Kovu la Mgeni wa Majengo

Kamati ya msikiti wetu wa Majengo, mjini Meru, ilimhukumu mtu kwa kutazama kovu lake, na aliyelisoma hilo kovu alikuwa mchinjaji. Mimi nilikuwa karani wa kikao. Nilikuwa pia mkalimani, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Mgeni huyo alitoka Sierra Leone. Alifika Septemba 1998 akimfuata kaka yake aliyekuwa akinunua vito Isiolo, akakuta kaka amekwisha kuhama. Akapanga chumba kwa mjane mmoja wa Kianjai, Mkristo, mwenye vyumba sita nyuma ya bucha. Alikuwa mtu mrefu wa maneno machache, hakosi swala, na mkono wake wa kulia uliishia kwenye kifundo.

Sisi wa Majengo tulijisifu kwamba hatuulizani kabila. Babu zetu walitoka Sudan, pwani, Somalia na mashamba ya hapa hapa. Lakini mkono wa kulia uliokatwa kifundoni ulikuwa na maana moja tu kwetu. Hakuna aliyewahi kuona mtu aliyekatwa na kadhi kwa wizi. Tulisikia kwenye mawaidha, tukaona inatosha. Hakutimiza wiki moja akaanza kuitwa Mwizi, kwanza nyuma ya mgongo wake, halafu mbele yake, kwa kuwa hakujua Kiswahili.

Kwenye bucha wanaume walikula nyama ya kuchoma kwenye sinia moja baada ya swala ya adhuhuri. Siku aliyokaribishwa, alinyoosha mkono wa kushoto. Hakuwa na mwingine. Mchinjaji, ambaye alikuwa pia mwenyekiti wa kamati, akalivuta sinia.

"Huo tunaijua kazi yake," alisema. "Mkatieni yake kwenye karatasi."

Watu wakacheka. Mgeni alikula peke yake, amesimama karibu na mizani, kisha akakunja ile karatasi vizuri na kushukuru kwa Kiingereza.

Bomu lilikuwa limelipuka Nairobi mwezi Agosti, na polisi walikuwa bado wanauliza habari za wageni Waislamu. Novemba, naibu wa chifu alifika kwa mjane akatoa sharti: mgeni alete barua ya kamati ya msikiti, yenye muhuri, inayosema anajulikana na ni mtu mwema. Asipoileta kufikia Ijumaa, atakabidhiwa polisi arudishwe kwao.

Mgeni alinijia mimi kwa sababu nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na Kiingereza changu kilikuwa safi. "Wakinirudisha," aliniambia, "wananirudisha kwa wale walioshika panga."

Tulikaa Alhamisi baada ya alasiri, mkekani ndani ya bucha, watu saba. Mjane alitaka kuingia. "Nimekaa naye miezi miwili na hata kijiko hakijapotea," alisema mlangoni. Mchinjaji akamwambia, "Mama, hii ni mambo ya msikiti. Ngoja hapo nje." Akangoja hapo nje.

Mgeni alieleza kwa mpangilio, nami nikatafsiri. Wanajeshi wa kwao walipindua serikali iliyochaguliwa, wakawaita waasi kutoka msituni watawale nao. Baada ya miezi tisa majeshi ya nchi jirani yakawafukuza kutoka mji mkuu. Walipokuwa wakikimbia, walipita kijijini kwake na kuwapanga wanaume mstari. Walisema mikono hiyo ndiyo iliyopiga kura, kwa hiyo haitapiga tena.

Mchinjaji alikuwa akinoa kisu. Akasimama.

"Mwalimu, muulize hivi. Sisi hapa tulipiga kura mwaka jana, wino ulikaa kidoleni wiki nzima. Mbona mikono yetu iko?"

Kicheko kilikuwa kikubwa. Mzee mmoja akaongeza, "Na waliotuibia kura, nao wana mikono yote!" Hata mimi nilicheka.

Kisha mchinjaji akamwendea mgeni, akaushika mkono bila kuomba, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango kama anavyogeuza mguu wa mbuzi kabla ya kununua.

"Mimi nakata viungo kila siku tangu nikiwa kijana," alisema. "Mtu akikata kwa hasira, mfupa unapasuka na nyama inachanika. Huu umekatwa na mtu aliyetulia. Tazameni, ni kifundoni kabisa, ngozi imeufunika mfupa vizuri. Hii ni kazi ya hakimu."

Kwa ufundi wake alikuwa sahihi. Nimefikiria jambo hilo miaka mingi, na sioni alipokosea katika kusoma nyama.

Mgeni akaniuliza amesema nini. Nikamwambia. Akajibu haraka, bila kupandisha sauti: panga lilipiga kwenye kiganja na kuacha mifupa inaning'inia, aliyekata kifundoni ni daktari wa hospitali ya Guinea, siku nne baadaye, ili kidonda kisioze.

Nilimsikia vizuri. Lakini mchinjaji alikuwa amekwisha kurudi kwenye kisu chake, wazee walikuwa wanavaa viatu, na mmoja aliniuliza, "Anasema nini tena huyo?" Nikasema, "Anarudia yale yale."

Katika daftari la kumbukumbu niliandika: *Barua imekataliwa. Mkono ulikatwa kwa sababu ya wizi.* Sikuandika "inasemekana". Ijumaa, kabla ya swala, polisi walimchukua. Mjane alikuja kusimama mbele ya bucha, akamwambia mchinjaji kwa Kimeru, polepole, kwamba siku moja atahitaji shahidi. Mchinjaji akaendelea kupima nyama.

Januari, tukiwa kwenye sinia lile lile, redio ya bucha ilitangaza kwamba waasi wameingia mji mkuu wa Sierra Leone na wanakata raia mikono. Hakuna aliyetafuna. Mchinjaji aliizima redio, akanitazama.

"Kama ni kweli, mwalimu, na ule mkato? Mbona hakutueleza?"

"Hakueleza," nilisema.

Kesho yake nilikwenda kituo cha polisi. Karani wa pale, mtu mkarimu, alinifungulia kitabu cha mahabusu. Jina la mgeni lilikuwepo, pamoja na siku aliyoingia na siku aliyotoka. Kulikuwa na safu ya mwisho, ya mahali anakopelekwa. Mistari ya juu na ya chini yake ilikuwa imejazwa. Wake ulikuwa mtupu.