Dada Zaina Alivyopimwa kwa Macho

Iko siku siisahau, mwanangu, na nikiikumbuka damu inanichemka hadi leo. Nilikuwa msichana, nakaa kwa dada yangu Zaina kule Manundu. Dada alinenepa baada ya kuolewa, na kila mtu akamsifu: ndoa imemkubali, mumewe anamtunza. Mwenyewe akitoka sokoni tu anahema, kichwa kinamgonga.

Zahanati wakampima uzito na urefu, wakamwambia uzito wake umeuzidi mno urefu wake, na presha imeanza kupanda. Dada akatii. Akapunguza ugali na mafuta, akarudia jembe, akaanza kupungua. Hata usingizi ukawa mtamu.

Basi ngoja uone watu! Maneno yakafika Handeni kwamba Zaina anashindishwa njaa. Mjomba wetu akaja na wazee wenzake, na kwetu Wazigua mjomba akisimama, baba anakaa. Wakamweka shemeji kikao, wakamuuliza kama anataka kuwarudishia mifupa. Hakuna aliyemuuliza dada zahanati walisema nini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Dada akamwonea huruma mumewe, akarudia kula, na samli juu. Mjomba akafurahi. Haukupita muda kiharusi kikamwangusha dada, upande mmoja ukalala moja kwa moja.

Mjomba alipokuja kutoa pole, bibi yetu alimsimamisha mlangoni. "Mlimpima kwa macho," alisema. "Sasa mnyanyueni kwa midomo hiyo hiyo."

Mimi ndiye niliyemlisha dada uji kwa kijiko mpaka alipotutoka.

Leo unanijia kutoka Kilole unalia, eti mawifi wanasema umekonda, mumeo hakulishi, unataka kuacha alichokuambia nesi cha kupunguza uzito. Wakome! Urefu wako hauongezeki tena, mwanangu. Kilo zikizidi, moyo ndio unaozibeba, na presha na sukari hupata pa kuingilia. Sikuambii ujikondeshe, maana wembamba uliopitiliza nao ni maradhi, na kipimo cha uzito na urefu peke yake hakisemi yote. Pima na kiuno, pima presha, pima sukari, kisha fuata la nesi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mjomba wako akiitisha kikao, mwambie aanzie hapa kwangu. Nitamjibu mimi.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe uzee wa kutembea kwa miguu yako, na kijiko chako ukishike mwenyewe.