Tetekuwanga Nisiyowahi Kuugua

Chumba cha wagonjwa katika ile shule ya wasichana kilikuwa na mapazia ya rangi ya chai ya maziwa, na ikifika saa nne asubuhi jua la Dubai likipenya humo tulionekana sote kama tumezama ndani ya kikombe. Watoto walilala kwenye vitanda vitano, kila mmoja na vipele vyake, wakingoja kuchukuliwa na wazazi. Kiyoyozi kilinguruma kwa sauti moja isiyokatika. Mimi nilikaa katikati yao na shahada yangu ya fasihi na chupa ya dawa ya waridi ya kupaka muwasho, na mara nyingi nilikuwa wa kwanza kusinzia.

Ilikuwa shule ya serikali, madarasa ya chini, na kazi yangu ilikuwa uangalizi: kupanga mistari asubuhi, kusimama kwenye ngazi, kutafuta kiatu kilichopotea. Nilikuwa nimetoka Mombasa miaka michache kabla ya hapo, nikiwaambia marafiki kwamba nakwenda kuandika. Tetekuwanga ilipoingia shuleni, muuguzi wetu, mama mmoja wa Kerala, India, tuliyemwita Sista, alipita ofisi kwa ofisi na orodha yake akimuuliza kila mfanyakazi kama amewahi kuiugua. Waliosema hawajui walipelekwa kutolewa damu wapimwe. Mimi nilisema najua.

"Una hakika?"

"Sista, kwetu tetekuwanga haikimbiwi. Inakaribishwa."

Nikamweleza. Mtoto mmoja akitokwa na vipele, bibi yangu aliwakusanya wajukuu wote, akawalaza mkeka mmoja na mgonjwa na kuwalisha sinia moja, ili waugue pamoja yaishe. Nilimsimulia majani ya mwarobaini yakielea kwenye maji ya kuoga, binamu zangu wakijikuna kwa zamu, chumba kikinuka udi, bibi akipita na kipepeo cha ukindu akitupepea mmoja mmoja. Nilisimulia vizuri sana. Sista alisikiliza kalamu ikiwa hewani, kisha akatia alama ya vema mbele ya jina langu.

Basi nikakaa na wagonjwa. Watoto wenye homa husema maneno ambayo mtu mzima angehitaji wiki nzima kuyatunga. Mmoja aliniuliza kama vipele vinalala usiku. Mwingine aliniambia, macho yamefumbwa, kwamba dari ilikuwa ikipumua, nikaangalia juu na kweli nikaona inapumua. Wazazi walikuja, wakawafunika mitandio, wakaondoka nao. Vitanda vikawa vinne, vikawa viwili, na siku moja nikajikuta nalinda chumba kitupu.

Wiki moja na siku kadhaa zilipita bila mgonjwa mpya. Ndipo aliporudi shuleni mtoto mmoja.

Alikuwa wa darasa la pili, mjukuu wa familia ya Kizanzibari iliyokaa Dubai tangu kabla ya hayo maghorofa. Alikuwa ametibiwa saratani ya damu, na dawa zilikuwa zimeuacha mwili wake bila mlinzi mlangoni. Ugonjwa uliowapa wenzake likizo ya siku kumi ungeweza kumuua. Sista alinieleza hayo polepole, akiwa amefunga mlango. Daktari amekubali mtoto arudi kwa sharti kwamba apandishwe ngazi za nyuma na mtu mmoja tu, mtu ambaye ameshaugua. Na bibi yake anataka mtu wa kuzungumza naye Kiswahili.

"Mtu huyo ni wewe," alisema Sista.

Asubuhi nne niliupokea mkono wake kutoka kwa bibi yake getini. Mkono wenyewe ulikuwa mwepesi na mkavu. Tulipanda ngazi ishirini na mbili, tukipumzika kwenye kituo cha katikati, mahali palipokuwa na dirisha jembamba na ukungu mweupe wa vumbi nje, minara ikielea humo bila miguu.

"Abla," aliniambia siku ya tatu, kama watoto wa huko wanavyomwita mwalimu wa kike, "wewe mzee?"

"Kiasi."

"Bibi anasema wewe bado. Anasema unatembea kama mzee kwa sababu huna mtu wa kukukimbiza."

Alhamisi hiyo baada ya kazi, maana wakati huo tulipumzika Ijumaa na Jumamosi, nilimpigia mama simu Mombasa. Kichwa kilikuwa kizito nikalaumu joto. Nilimweleza kuhusu mtoto, na jinsi mkeka wa bibi ulivyonipa cheo shuleni.

Mama alicheka.

"Mkeka upi, mwanangu?"

"Ule wa tetekuwanga. Mimi na kina binamu."

"Wewe hukuwapo. Ulikuwa Malindi kwa mjombako. Uliporudi wenzako walishapona, ukalia siku nzima kwamba umeachwa. Ukachukua wanja wangu ukajipiga madoadoa mwili mzima, ukalala mkekani peke yako. Bibi yako akakupepea, akikuhurumia."

"Mama, una hakika?"

"Nilikuosha mimi. Wanja hautoki upesi."

Ningependa kuandika kwamba nilimpigia Sista dakika ileile. Nilishuka hadi kituo cha abra, zile mashua za abiria, cha Bur Dubai, nikavuka hori hadi Deira, nikarudi, nikavuka tena. Mabaharia walipakia majokofu na magodoro ya kwenda Afrika, na mimi nilikuwa nikitunga sentensi. Nilianza na "huenda", nikaifuta. Nilijaribu "kumbukumbu ni kitu cha ajabu". Nilikuwa nikihariri, na mahali fulani ng'ambo ya hori mtoto alikuwa akila chakula chake cha jioni. Nikawaza pia viza yangu, siwezi kusema sikuiwaza. Katika safari ya nne niliona mkono wangu umeshika ubao wa abra, mkono uleule uliomshika mtoto, nikapiga simu kabla hatujafika.

"Sista, sijawahi kuugua. Nilidhani."

Hakupoteza pumzi kunikaripia. "Una homa?"

"Nadhani ni joto."

"Sitaki nadhani. Weka mkono shingoni. Una homa?"

"Ninayo."

"Kuna sindano ya kumkinga, lakini ina siku zake. Mimi nampigia daktari. Wewe mpigie bibi yake, sasa hivi, kwa lugha yenu, aelewe neno kwa neno."

Nilimpigia nikiwa nimesimama kando ya gati.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini? Sauti yako siyo."

Nikasema. Safari hii sikupamba kitu. Ng'ambo ya simu niliisikia televisheni, kisha mtu akaizima.

"Ulimshika mkono jana?"

"Ndiyo, bibi."

"Na leo?"

"Na leo."

"Haya," alisema. "Ngoja nimvishe viatu." Akakata.

Jumamosi vipele vilinitoka, kwanza tumboni, kisha usoni, kisha mahali ambapo insha hii haitafika. Nilijifungia chumbani, na mwenzangu wa nyumba akaniachia uji mlangoni. Homa ilinichukua mbali: nilipanda ngazi ishirini na mbili ambazo ziliendelea kuwa ishirini na mbili, na kila nilipofika dirishani nilikuta mkono wangu mtupu. Kila adhuhuri Sista aliniletea ujumbe wa neno moja: safi. Maana yake mtoto hana kipele. Siku ya kumi na moja ujumbe haukuja. Nilikaa na simu kifuani hadi magharibi, nikiwa nimeacha hata kujikuna. Ulipofika ulisema: nilikuwa mkutanoni, safi.

Sindano aliyopigwa mtoto ilirefusha hesabu ya siku za kungoja vipele, kwa hiyo tulingoja wiki nne kamili, naye akabaki safi. Niliporudi kazini nikiwa na uso kama ganda la ndimu, nilitaraji barua ya kufukuzwa. Sista alinipeleka kutolewa damu, majibu yakaja kwamba sasa nina kinga, akayabandika kwenye orodha yake.

"Sasa wewe ndiye mwenye karatasi," alisema. "Nenda getini."

Bibi alikuwa pale na mjukuu wake. Alinipa salamu zote zinazostahili, moja baada ya nyingine, bila kupunguza wala kuongeza. Mtoto alikuwa ameficha mikono nyuma.

"Bibi amesema nisikushike mpaka atakaposema yeye."

"Amesema vyema."

"Lakini hakusema kuhusu begi."

Akanigeuzia mgongo, na mimi nikashika kile kitanzi cha juu cha begi lake kwa vidole viwili. Bibi aliona. Akatazama barabarani, kama mtu anayetafuta gari lake. Tulipanda hivyo, yeye mbele mimi nyuma, na alipochoka kwenye kituo cha katikati uzito wake wote uliegemea kwenye vile vidole viwili.