Mitungi ya Wifi

Wifi yangu ni fundi friji, na ana kinyongo. Msinisumbue niseme amesamehe. Hajasamehe, nami namuunga mkono kwa mikono miwili.

Alikuwa kwenye karakana ya bosi mmoja mwenye tumbo kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Pale friji mbovu ikifika, mafundi walikata bomba, gesi ikatoka pssss, kazi ikaendelea. Wifi alikataa. Mafunzoni alielezwa kwamba gesi ile ikipanda huko juu inazuia joto lisitoke, na sisi huku chini tunaiva. Basi yeye aliunga mpira kwenye pampu, akaivuta yote mtungini, taratibu. Bosi akawa anamcheka: "Hewani tu, mama! Nani ataona?"

Siku moja akamfukuza mbele ya wateja, eti ni mvivu, anachelewesha kazi makusudi. Kaka yangu alikuwa kitandani, mgonjwa, na mshahara wa wifi ndio uliokuwa ukimtibu. Loo, mtu huyo! Wifi alibeba sanduku lake la vifaa akaondoka, na aliyoyasema njiani siwezi kuyarudia mbele za watu.

Akafungua kibanda ng'ambo ya barabara, akapokea mafriji yaliyokufa ambayo watu walikuwa wanatupa. Akavuta gesi yake, akaisafisha, akajaza mitungi. Nikamtania, "Wifi, mitungi yote hii unaifuga, itataga lini?"

"Subiri," akasema. "Yule atakuja hapa kwa miguu yake."

Akaja kweli. Gesi ile ile ya mafriji ya zamani ilikuwa imepigwa marufuku kuingizwa nchini, na chumba baridi cha bucha, mteja wake mkubwa kuliko wote, kilikuwa kimevuja. Nyama ilianza kunuka. Mwenye bucha alishasema, isipopatikana gesi leo, atatafuta fundi mwingine. Bosi alizunguka maduka yote akatoka kapa.

"Dada yangu, yaliyopita si ndwele," akaanza.

"Kwako," wifi akamkata. "Gesi ninayo. Lakini yale mafriji pale nje bado hayajavutwa gesi. Shika mpira, uvute mwenyewe, moja moja. Ukimaliza, itakayopungua nitakujazia."

Bosi akachungulia barabarani. Akanong'ona, "Mafundi wangu wako pale. Tuyaingize ndani basi, tafadhali."

Wifi akaufungua mlango wote, akamwonyesha kidole kule nje yalikokuwa mafriji.

"Si ulisema mwenyewe, bosi? Nani ataona?"

Bosi akapiga magoti juani, jasho likimchuruzika. Mafundi wakatoka karakanani mmoja mmoja, wakasimama kutazama. Nilifurahi, sitaki unafiki. Nikamletea wifi kiti.

Kwa haraka za bosi mpira ukachomoka, gesi ikalia pssss. Wifi hakupandisha hata sauti.

"Funga," akamwambia. "Wewe umeshatoa ya kutosha."